Waya wa Umeme katika Nyumba ya Boriti



Wiki hii twaomba ruhusa yenu tupande darini. Si mahali ambapo mtu wa kitabu na kalamu hutarajiwa kukutwa, lakini palipo na usalama wa watoto na mama zao pana shughuli yetu sote. Tunataka kuzungumza juu ya nyaya za umeme katika nyumba zetu za kale, zile zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Neno lenyewe tutalitaja mapema, ili asiye na wasaa wa kusoma hadi mwisho aondoke nalo: katika nyumba yenye miti, waya unaoonekana ni salama kuliko waya uliofichwa, na fedha iliyotumika kuutengeneza waya ni bora kuliko fedha iliyotumika kununua pambo la kuuziba.

Shangazi yetu anaishi Lamu, mtaa wa Mkomani, katika nyumba aliyopewa na marehemu mamake siku alipoolewa. Ada ya wenyeji wa kule ni kwamba nyumba humfuata binti; mume ndiye ahamiaye. Kuta zake ni nene, zidaka zimepangwa safu juu ya safu katika chumba cha ndani, na dari ni ya boriti zilizolazwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa iliyopigwa ikashikana. Vyumba ni virefu lakini si vipana, havifiki mita 3, kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua: ulipokoma mkoko ndipo ulipokoma upana wa chumba. Waliojenga nyumba kama hizi, nyingi zikiwa za karne ya 18, walimtii mti, wala hawakumlazimisha.

Mwaka jana mjukuu wa shangazi alichumbiwa, na shangazi akanuia kumpa nyumba ile kama yeye mwenyewe alivyopewa. Mabinti zake wakachangishana fedha ili nyumba ipendeze kabla ya harusi. Nia yao ilikuwa kuweka dari ya jipsamu chini ya boriti, nyeupe na laini, yenye taa ndogo ndogo zilizozamishwa ndani yake, kama walivyoona katika nyumba mpya za Nyali na Malindi. Fundi wa jipsamu alikwisha kuja akapima. Shangazi hakukubali wala hakukataa. Tulipokwenda kumjulia hali alitukalisha karibu naye akasema kwa sauti ya chini:

“Mwanangu, chini ya dari hii nimelala zaidi ya miaka sitini, haijawahi kusema neno. Mwezi huu inanong’ona.”

Tukamwuliza inanong’ona lini. Akasema ni baada ya Maghrib, birika la umeme likichemka na huku mjukuu anapiga pasi buibui lake. Husikika mlio mwembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Tena akaongeza kwamba chumba kilikuwa kikinuka samaki siku ambazo samaki hakupikwa. Watoto walimcheka kwa hilo. Lamu ni mji wa wavuvi. Nani ataishtukia harufu ya samaki? Lakini ni jambo lijulikanalo na mafundi kwamba baadhi ya plastiki za soketi na swichi zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu kama ya samaki aliyechacha. Mama wa nyumba aisikiapo harufu hiyo, na jikoni hakuna samaki, basi asiipuuze.

Mungu alijaalia kwamba siku zile mpwa wetu alikuwa amewasili kutoka Canada kwa ajili ya harusi. Kijana huyu kazi yake ni umeme, na kwa miaka mitano amekuwa akitia nyaya katika nyumba za magogo kwenye misitu ya Ontario. Shangazi alipomwambia habari ya dari, hakucheka. Aliomba swichi kuu izimwe, akapanda ngazi na tochi mdomoni, akaanza kubandua chokaa pole pole kwa bisibisi. Sisi tulishika ngazi.

Alichokikuta ni hiki. Zamani, umeme ulipoingizwa nyumbani, fundi aliona haya waya usionekane kati ya boriti nzuri. Akaichonga boriti mfereji mwembamba, akaulaza waya ndani, akaupaka chokaa juu. Miaka ikapita, akaja mwingine kutia soketi ya birika na friji. Badala ya kuvuta waya mpya kutoka kwenye mita, aliukata ule waya mwembamba wa taa, akasokota ncha kwa vidole, akazizungushia tepu nyeusi, naye pia akaziba kwa chokaa. Tepu ilikuwa imekauka na kupukutika. Kandokando ya kiungo, boriti ilikuwa nyeusi kwa upana wa kiganja. Mpwa wetu aliigusa kwa ncha ya bisibisi, ukadondoka mkaa. Shangazi aliuokota ule mkaa, akaufunga kwenye pembe ya leso yake, wala hakusema kitu.

Chini ya ngazi, kwenye kisanduku cha fyuzi, kulikuwa na la kushangaza zaidi. Fyuzi ya taa hukusudiwa ikatike mapema. Ya namna ile ilipaswa kuwa ya ampea 5. Ilipokuwa ikikatika mara kwa mara, mtu fulani aliitoa akaweka kipande cha waya mnene wa shaba, na kweli haikukatika tena. Mlinzi alikuwa amefungwa kitambaa machoni, na watu wa nyumba wakashukuru kwamba hawasumbui tena.

Hesabu yake si ngumu, na mama zetu wanaopima unga na sukari kila siku wataifahamu. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 240. Chukua wati zilizoandikwa chini ya chombo, uzigawe kwa 240, utapata ampea ambazo chombo hicho huvuta. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi kidogo ya ampea 8. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5. Vikiwashwa pamoja ni zaidi ya 13, na hapo hatujalihesabu friji. Yote hayo yalikuwa yakipita katika waya wa taa, kwenye kiungo kilichosokotwa kwa vidole. Tena joto halipandi sawa kwa sawa: mkondo ukizidi maradufu, joto katika kiungo huzidi mara nne. Na hapa pwani upepo wa chumvi hula shaba na skrubu. Palipoliwa, umeme hupita kwa shida, na shida hiyo ndiyo joto. Mti uliopikwa hivyo kidogo kidogo hugeuka mkaa bila ya moto kuonekana. Nanyi mwajua kati ya kuni na makaa ni kipi kishikacho moto upesi.

Usiku ule, tukinywa kahawa barazani, tulimwuliza mpwa wetu hao wenzetu wa Canada hufanyaje, maana nyumba zao ni mti mtupu kuanzia chini hadi juu. Alitueleza mambo matatu ambayo yametukaa moyoni.

La kwanza, ukuta wa magogo hauna uwazi ndani. Nyumba za mbao za kawaida kule zina nafasi katikati ya ukuta, na waya hupitishwa humo baada ya nyumba kusimama. Gogo limejaa, halina tumbo. Kwa hiyo fundi wa umeme huitwa kabla ya ukuta kupanda. Kila gogo linapolazwa hutobolewa tundu lake, nalo lile la juu yake hutobolewa mahali palepale, hata tundu likanyooka kutoka sakafuni hadi kwenye swichi. Atakayesahau atajikuta mwisho anapitisha waya juu ya ukuta. Kwa hiyo swali la waya utapita wapi ni la mwanzo, wala si la mwisho.

La pili, gogo likikauka hupungua unene, na ukuta mzima hushuka inchi kadhaa katika miaka ya mwanzo. Waya uliokazwa kama uzi wa ala utakatika au utang’oka. Hivyo huachiwa mkunjo wa ziada, uwe na pa kwenda nyumba inapotulia.

La tatu, kiungo cha waya hakizikwi ndani ya gogo hata siku moja. Kila kiungo hukaa ndani ya kisanduku chenye mfuniko, na mfuniko huo sharti ufikiwe kwa mkono bila ya kuvunja kitu. Sheria yao ndivyo isemavyo, na mkaguzi huja kutazama kabla ya kuta za ndani kufungwa.

Tukamwambia, “Basi mwanetu, tengeneza wewe.” Akakataa, na kukataa kwake kulitupa imani zaidi kuliko angalikubali. Alisema kule alikozoea, waya mweusi ndio wenye umeme na mweupe ndio wa kurejesha. Katika nyaya zetu za zamani mwekundu ndio wenye umeme na mweusi ndio wa kurejesha. Na katika nyaya mpya za siku hizi wenye umeme ni wa rangi ya udongo, wa kurejesha ni wa buluu, na wa ardhini ni wa kijani na manjano. “Mjomba, mkono wangu umezoea kwingine,” akasema. “Usiku wa haraka mkono hufuata mazoea, haufuati akili.” Akashauri aitwe fundi aliyepewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, naye atasimama kando kutazama na kuuliza.

Hapa twataka kuwatetea kidogo mafundi wa zamani, kwani ni rahisi kumlaumu asiyekuwepo. Umeme ulizikuta nyumba zetu zimekwisha kusimama. Yasimuliwa katika historia ya umeme nchini kwamba mtambo uliokuwa ukiwasha taa za kasri ya Sultani Barghash wa Unguja, na njia za karibu yake, ulinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ikazaliwa kampuni ya Mombasa Electric Power and Lighting. Nyumba za Mkomani wakati huo nyingi zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia. Hazikuachiwa njia ya waya kwa kuwa hapakuwa na waya. Ukuta wa matumbawe nao, kama gogo la Canada, umejaa. Fundi alikuwa na njia mbili: aonyeshe waya ukutani, au achonge mti. Aliyechonga mti alikusudia uzuri. Na nyumba ya zama zile ilikuwa na taa tatu nne na redio, si birika, pasi, friji, feni na simu saba zinazochajiwa.

Basi tukakaa kikao cha familia. Fedha iliyochangwa ilitosha jambo moja: jipsamu, au nyaya. Haikutosha yote mawili. Binti mkubwa wa shangazi, ambaye ndiye aliyehangaika zaidi na mchango, alisema kwa uchungu kwamba wageni watatoka Mombasa na Zanzibar, na watakuta mabomba ya plastiki yametambaa ukutani kama nyumba ya kambi. Akasema kiungo kimoja kirekebishwe, jipsamu iendelee, na mengine yangoje mwakani. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Heshima ya harusi ni heshima ya ukoo, na yeye ndiye angesimama mlangoni kuwapokea wageni.

Walitutazama sisi tutoe neno. Tulisema lililo letu: kwamba kiungo kimoja kilionekana kwa sababu kilinong’ona, na kwamba jipsamu ikishafungwa, hata kinong’onacho hakitasikika tena. Lakini nyumba si yetu, na mwenye nyumba alikuwa amekaa mbele yetu. Shangazi akafungua pembe ya leso, akauweka ule mkaa juu ya sinia la kahawa.

“Mgeni atakuja siku ya harusi,” akasema. “Mjukuu wangu atalala humu kila usiku, na watoto wake inshallah. Mimi nampa nyumba. Sitampa na hiki.”

Bibi harusi mwenyewe, ambaye hadi wakati huo hakuulizwa, akasema yeye boriti anazipenda kuliko jipsamu. Binti mkubwa alilia kidogo, kisha akauliza kama mabomba hayo yaweza kupakwa rangi. Yaweza.

Kazi ilichukua siku tisa. Nyaya zote za kale ziling’olewa, na mifereji ya ndani ya boriti ikaachwa wazi ipumue. Nyaya mpya zilipitishwa ndani ya mabomba ya plastiki, kwa kuwa ya chuma huliwa na chumvi. Mabomba yalishikwa ukutani chini ya dari, si kwenye mti, yakafuata pembe za chumba, yakateremka kando ya fremu za milango. Zidaka hazikuguswa hata kimoja. Yakapakwa rangi ya chokaa, na mgeni asiyeyatafuta hayaoni. Taa zilipewa waya wa milimita mraba 1.5, soketi waya wa 2.5, kila kundi na kikata-umeme chake, kile waitacho breka. Breka haiwezi kudanganywa kwa kipande cha shaba kama fyuzi ya zamani. Viungo vyote vimo ndani ya visanduku vyenye mifuniko. Uani ulipigiliwa mchuma wa ardhini, mahali penye unyevu. Na juu ya yote kukawekwa kifaa kinachokata umeme uvujapo kwa kiasi cha miliampea 30 tu, kabla haujamdhuru mtu aliyeugusa. Kifaa hicho kina kitufe cha kujaribia. Shangazi amefanya ada ya kukibonyeza kila mwandamo wa mwezi. Kikikata, husema alhamdulillah, akawasha tena.

Juu kwenye paa la makuti, pale wanapoanika nguo na kulala nyakati za joto, balbu ya zamani iliyokuwa karibu na makuti iliondolewa. Pakawekwa taa ya LED ya wati 9, isiyotoa joto kama balbu ya wati 60, tena ukutani, mbali na makuti. Huko ndiko nyaya zilikokutwa na alama za meno ya panya.

Tulipoyaona meno yale tulikumbuka somo tulilolipata chuoni tukiwa wadogo. Mtume wetu (S.A.W.) alituusia tuzime taa tunapolala, kwa khofu kwamba panya ataukokota utambi akawachomea watu nyumba yao. Tulipokuwa watoto tuliona ni habari ya taa za mafuta, ambazo zilikuwa zinaondoka. Panya hakuondoka. Leo haukokoti utambi. Hutafuna ganda la waya, na waya huachwa uchi juu ya mti mkavu. Kuzima taa zama zetu ni pamoja na kuchomoa pasi na birika, kutoiacha simu ikichajiwa juu ya godoro, na kuupitisha waya mahali ambapo jino la panya halifiki.

Mama zetu na dada zetu, ninyi ndio mkaao na nyumba mchana kutwa, na masikio yenu hutangulia ya fundi. Soketi ikiwa na joto mkononi, plagi ikiwa na doa la kahawia, taa zikififia birika linapowashwa, kukisikika mlio darini, au kukinuka samaki asiyekuwepo, zimeni swichi kuu na mwite fundi mwenye leseni. Msikubali waya mmoja wenye matundu mengi ubebe birika na pasi kwa pamoja. Fyuzi au breka ikikatika mara kwa mara, haiwaudhi, inawasemesha. Na kabla hamjafunika dari ya boriti kwa jipsamu au mbao, waiteni watu wa umeme kwanza, watazame kila kiungo mchana kweupe. Wenye nyumba katika Mji wa Kale wa Lamu, uliomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, watake pia ushauri wa wahifadhi kabla ya kuchimba ukuta.

Na wanaume wa nyumba wasingoje kuambiwa mara mbili. Mama mtu mzima asemapo dari inanong’ona, mwenye kucheka na apande ngazi kwanza, kisha acheke akishuka.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake, waliolala na walio macho. Wabillahi tawfiq.